Jinsi ya Kufikisha Chakula Hadi Juni

Watu wengi wakitaka kuujua uwezo wa mkulima humwuliza, "Umevuna magunia mangapi?" Swali hilo ni zuri, lakini halitoshi. Hapa kwetu Teso, mashariki ya Uganda, mtu aweza kuvuna vizuri mwezi wa Novemba na kushikwa na njaa mwezi wa Mei, na jirani yake aliyevuna kidogo kuliko yeye akawa bado anapika mara mbili kwa siku. Mvua za kwanza huanza Machi, na ulezi na karanga zilizopandwa kwa mvua hizo haziwi tayari mpaka Juni au Julai. Kabla ya hapo kuna kiangazi kirefu, kisha miezi ya kulima na kupalilia, ambayo ndiyo yenye kazi ngumu kuliko yote, nayo ndiyo miezi ambayo ghala huwa tupu. Kwa hiyo katika somo hili sitasema sana juu ya kuvuna kwingi. Nauliza hivi: kile kilichokwisha kuvunwa chapotelea wapi kati ya Desemba na Juni, na je, watu wa nyumba yenye ekari mbili au tatu waweza kukizuia kisipotee?

Tuanze na viazi vitamu, kwa sababu ni chakula chetu kikubwa, na kwa sababu sisi vijana wa kiume tumezoea kuvidharau na kusema kwamba ni kazi ya kina mama. Ulezi ukikauka vizuri hukaa ghalani hata miaka kadhaa, maana punje yake ni ndogo mno, fukusi hapati nafasi ya kukua ndani yake. Kiazi sivyo. Theluthi mbili za uzito wake au zaidi ni maji, na kikisha chimbuliwa huanza kuharibika baada ya siku chache. Wengi basi huviacha viazi ardhini wakichimba vya kutosha chakula cha siku moja au mbili, na kuufanya udongo wenyewe kuwa ghala. Wakati wa mvua mpango huu ni mzuri sana. Lakini kiangazi kikiingia, tuta hukauka na kupasuka, na hapo fukusi wa viazi hupata njia. Mdudu huyu hawezi kuchimba udongo kwa nguvu zake. Yeye hupita katika nyufa mpaka akifikie kiazi, akataga mayai, na mabuu yake hutoboa ndani. Kiazi kikishambuliwa hujitengenezea uchungu wa kujikinga, na uchungu huo huenea hata katika sehemu isiyotobolewa, ndiyo sababu ukikata upande mzima ukaupika bado hauliki. Watu huona tundu moja dogo na kudhani hasara ni ndogo. Kumbe kiazi chote kimekwenda.

Dawa ya kwanza ni jembe. Pandisha udongo juu ya tuta kila uonapo ufa, na usingoje mpaka Februari kuchimba. Usipande viazi vipya karibu na shamba la zamani, kwa maana fukusi haruki mbali sana lakini kando ya shamba hufika. Tena ukikata marando ya kupanda, chukua ncha, usichukue sehemu ya karibu na shina, kwa kuwa mdudu hupenda kutaga mayai chini karibu na shina, nawe utakuwa unajipelekea adui shambani kwa mkono wako mwenyewe.

Dawa ya pili ni jua, nayo bibi zetu waliijua zamani sana. Viazi humenywa na kukatwa vipande vyembamba vikakaushwa, navyo ndivyo amukeke. Au hupondwa vipande vidogo vidogo vikakaushwa, navyo ndivyo inginyo, ambavyo husagwa pamoja na ulezi, mtama au muhogo kuwa unga wa atapa. Amukeke hazisagwi, huchemshwa tu, na zikiliwa pamoja na kunde zilizoungwa kwa karanga na ukwaju kidogo, sidhani kama kuna mtu wa Teso aliye mbali na nyumbani ambaye hazikumbuki. Kazi yenyewe ni rahisi kueleza lakini yataka uangalifu. Vipande viwe na unene mmoja, la sivyo vyembamba hukauka na vinene hubaki na maji katikati, na kinene kimoja kilichooza huharibu kapu zima. Watu wengi huanika juu ya mwamba au uwanjani. Mwamba ni mzuri kwa kuwa una joto, ila mbuzi na kuku nao huujua mwamba huo. Ni bora kutengeneza kichanja cha miti kufikia kiunoni na kutandika mkeka juu yake: upepo hupita chini, vumbi hupungua, na mvua ya ghafula ikija, watoto wawili huuinua mkeka na kukimbia nao ndani. Kipande kilichokauka huvunjika kwa kishindo kidogo. Kikipinda bila kuvunjika, kirudi juani. Tena usivitie ghalani vikiwa bado na moto wa jua. Viache vipoe kwanza, maana joto likifungiwa huleta jasho, na jasho huleta ukungu. Baada ya miezi michache wadudu wadogo huanza kuvitoboa na kutoa unga chini ya kapu, kwa hiyo kila mwezi vitolewe, vianikwe siku moja, virudishwe.

Yafaa niseme neno hapa juu ya viazi vya rangi ya chungwa. Mwaka 2007 Uganda ilitoa kwa wakulima aina mbili ziitwazo Kabode na Vita, ambazo zina wingi wa kile kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho ya watoto na kuwapa nguvu ya kupigana na maradhi. Daktari Robert Mwanga, Mganda, alikuwa mmoja wa watu wanne waliopewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016, na yeye na wenzake wawili walipewa kwa kazi yao juu ya viazi hivi. Nimesikia watu wakisema kwamba basi tukaushe hivyo tu. Sikubali. Rangi ile hupungua kwa jua kali, na hupungua zaidi kadiri miezi ya kukaa ghalani inavyopita. Viazi vya rangi ya chungwa viliwe vibichi kwanza, na kama vingi vimebaki, vikaushwe kivulini penye upepo na viwe vya kwanza kumalizwa. Vile vyeupe ndivyo vya kungoja Mei.

Sasa nafaka na jamii ya kunde. Kwa maharage iko hila moja isiyohitaji hata senti. Buu la mdudu wa maharage likianguliwa huhitaji muda mrefu, karibu siku nzima, kutoboa ngozi ya haragwe, nalo hujiegemeza kwenye haragwe la pili lipate nguvu ya kusukuma. Ukiliviringisha gunia asubuhi na jioni, maharage husogea, buu hupoteza tundu lake na kuanza upya, mpaka linachoka na kufa. Lakini hila hii usiitumie kwa kunde! Mdudu wa kunde hubandika yai lake juu ya ngozi kama kwa gundi, na buu hupita moja kwa moja ndani kutoka ndani ya yai, hata ukiviringisha gunia mpaka jioni. Kunde hutaka kunyimwa hewa. Katika miaka ya 1980 Profesa Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, na wenzake walianza kazi hiyo pamoja na wakulima wa kunde wa Kameruni, na matokeo yake ni ule mfuko wa tabaka tatu tunaouona madukani: mifuko miwili ya plastiki ndani, na mmoja wa kufumwa nje. Wadudu waliomo huimaliza hewa wenyewe, kisha hawali wala hawazai. Asiyeweza kununua mfuko atumie dumu la plastiki lililokauka kabisa, alijaze mpaka shingoni pasibaki nafasi ya hewa, akaze kifuniko, wala asilifungue mara kwa mara kuchungulia.

Lakini mfuko usiopitisha hewa hautoi maji pia. Mahindi mabichi yakifungiwa humo huoza. Ili kujua kama yamekauka, chukua chupa kavu yenye kifuniko, tia konzi ya mahindi na vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, tikisa vizuri, acha robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Ikianguka chini yote, yafunge.

Jambo hili la unyevu si la hasara ya gunia tu, ni la uhai. Mwaka 1960 huko Uingereza batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeujua, hata ukaitwa ugonjwa X. Wataalamu walipofuatia chakula cha ndege wale waliona ya kuwa kilikuwa na mashudu ya karanga kutoka Brazili, na karanga hizo zilikuwa zimeota kuvu. Hivyo ndivyo sumukuvu ilivyojulikana. Haihitaji kwenda Ulaya. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa wilaya za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu, na 125 kati yao walikufa. Sumu hii haiondoki kwa kupika. Kwa hiyo karanga zing'olewe kwa wakati wake, zianikwe juu ya mkeka na si juu ya udongo, zikae ghalani na maganda yake, na wakati wa kumenya zisinyunyiziwe maji ili ziwe laini, kama wafanyavyo wale wenye haraka ya kwenda sokoni. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zilizoota ukungu zichaguliwe na kutupwa.

Hapo ndipo utakapomsikia mtu akisema, "Usitupe, wape kuku." Baada ya habari ya batamzinga sina haja ya kumjibu mtu huyo kwa maneno mengi. Kuku apewe mapepe ya ulezi, mtama uliovunjika na maganda ya viazi, wala si sumu. Nami nina sababu ya kumtetea kuku, kwa maana katika nyumba nyingi yeye ndiye ghala la pili. Teso ilikuwa nchi ya ng'ombe. Katika miaka ya mwisho ya 1980, kwa wizi wa mifugo na vita vilivyofuata, ng'ombe walikwisha, na nyumba zilizokuwa na zizi zikabaki na kuku na mbuzi wachache. Tangu hapo kuku ndiye anunuaye chumvi na sabuni, ndiye aendaye zahanati mtoto akiugua usiku, na wengi wetu tunaosoma shule hii, kama tungewauliza mama zetu, tungeambiwa ni majogoo mangapi yaliyogeuka kuwa madaftari. Kuku pia hunusuru ghala: mwenye kuku wa kuuza mwezi wa Machi halazimiki kuuza karanga zake za mbegu.

Tufanye hesabu. Mtetea wetu wa kienyeji hutaga mayai kumi hadi kumi na tano, huyaatamia siku 21, na aweza kufanya hivyo mara tatu kwa mwaka. Tuseme anaangua kumi kila mara. Hiyo ni thelathini. Basi mbona nyumba yenye mitetea minne haina kuku mia? Kwa sababu vifaranga huachwa wamfuate mama yao tangu siku ya kwanza katika umande, na mwewe, kunguru, kenge na nguchiro huchukua zaka yao kila siku, na mwisho wa mwezi wamebaki watatu. Kazi ya kuzuia hasara hii ni ya tenga moja kubwa. Mama na wanawe wafunikwe humo kwa majuma manne ya kwanza, mchana watolewe kidogo wakiwa na mlinzi, wapewe maji safi na ulezi. Wapewe na mchwa pia: gema kipande cha kichuguu ukipasue mbele yao, utaona jinsi kifaranga wa juma moja anavyojua kazi yake. Mama akitengwa na wanawe mapema, hurudi kutaga upesi zaidi. Kuhusu mayai ya kuatamiwa, yale yaliyokaa zaidi ya siku kumi yaliwe tu. Hayafai kupewa koo.

Lakini tenga halizuii kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Jina lake la kitaalamu limetoka mji wa Newcastle upon Tyne, Uingereza, ambako kilionekana mwaka 1926, mwaka ule ule kilipoonekana kisiwani Java. Kuku husinzia, mabawa huanguka, huharisha kijani, huhema kwa mdomo wazi; wengine hupinda shingo na kuzunguka. Banda lote laweza kuwa tupu kwa juma moja. Huku kwetu huja sana wakati wa kiangazi, na nadhani sababu moja tunaijua wote ila hatupendi kuitaja: Krismasi. Huo ndio wakati kuku wanapotembea kuliko watu. Mgeni huja na jogoo wa zawadi, shemeji huondoka na mitetea miwili, na mtu aonaye kuku wake wameanza kusinzia huwakimbiza sokoni wote siku hiyo hiyo apate chochote, na mnunuzi huwapeleka kijiji cha tatu. Kisha Februari shule hufunguliwa, na karo inadaiwa, na banda ni tupu.

Kideri hakina dawa ya kukiponya. Kina chanjo. Iko chanjo iitwayo I-2, iliyotengenezwa Australia na Profesa Peter Spradbrow wa Chuo Kikuu cha Queensland na wenzake kwa ajili ya vijiji visivyo na barafu wala umeme. Haitaki joto, lakini yavumilia joto kuliko zile za zamani, hata yaweza kuchukuliwa kwa baiskeli ikiwa imefungwa katika kitambaa chenye maji. Kuku hupewa tone moja katika jicho moja, naye ashikiliwe mpaka apepese jicho na tone liingie. Hurudiwa kila miezi minne. Kwetu yafaa Novemba, kabla ya Krismasi, kisha Machi na Julai. Hupewa kuku wazima tu; aliyekwisha ugua hafai kitu, na kumshika yeye kisha kumshika mzima ni kueneza ugonjwa kwa mikono.

Ugumu wa chanjo hii si bei, ni chupa. Chupa moja ina matone ya kuku mia moja au zaidi, na ikisha changanywa yafaa itumike siku hiyo. Nyumba moja ina kuku kumi na wawili. Mwenye nyumba hufanya hesabu, huona ya kuwa atamwaga matone themanini na zaidi, huacha. Jirani yake naye hufanya hesabu ile ile. Kila mmoja ana haki katika hesabu yake, na kuku wa wote hufa. Kijijini kwetu nyumba tisa zilikubaliana siku moja, kila nyumba ikatoa fedha kwa hesabu ya vichwa vya kuku. Kazi ilifanywa alfajiri kabla ya mabanda kufunguliwa, maana saa mbili asubuhi huwezi tena kumkamata kuku wa Teso, labda uwe na mbwa. Bwana Mifugo alikuja mara ya kwanza tu kutuonyesha. Mara ya pili vijana wawili waliosoma waliweza wenyewe. Nyumba ya kumi ilikataa. Walimwacha mwenyewe, ila mtoto wake alisimama kando akitazama, na mara ya pili alikuja na kuku watano ndani ya kapu akasema ametumwa.

Ninyi ndugu zetu mliomaliza shule na kufanya kazi Mbale, Jinja na Kampala, hapa ndipo ninapowaomba. Desemba mkija nyumbani huleta mikate na sukari, nasi twafurahi. Mwaka huu mmoja wenu aje mapema, mwishoni mwa Novemba, na chupa moja ya chanjo kutoka duka la dawa za mifugo, akiwa amewaarifu majirani kwa simu siku tatu mbele. Na kuku wa zawadi watakaoingia wakati wa sikukuu wafungiwe peke yao majuma mawili kabla ya kuchanganywa na wenyeji.

Juu ya mboga nitasema kifupi. Samadi ya kuku ina nguvu nyingi, ikitiwa mbichi huchoma miche. Irundikwe na majani makavu na kugeuzwa mpaka inapoa na kunuka udongo. Majani ya kunde hukaushwa kama viazi, lakini kivulini.

Limebaki jambo moja, nalo ni marando. Kiangazi huyaua, na mvua ya Machi ikianza watu huzunguka kila kinamasi wakitafuta mbegu, na wengi hupanda Mei kwa kukosa. Wakati wa kuchimba, chagua viazi vidogo visivyo na tundu hata moja, vipange katika beseni au shimo lenye mchanga mkavu, safu ya viazi na safu ya mchanga, pasipo kugusana, uviweke nyumbani penye kivuli. Vitachipua humo polepole. Katikati ya Januari vipande katika kitalu kidogo karibu na nyumba, uvimwagilie maji yaliyooshea vyombo, na uzungushie miiba kitalu hicho, maana hakuna kitu kuku apendacho kuliko chipukizi wakati wa ukame. Mvua ikishuka Machi utakata ncha zako siku ile ile na kupanda, na viazi vya kwanza vya Kabode vitaanza kuchimbuliwa Juni ikielekea mwisho.